Jasho la sebuleni: uzoefu wangu na Ring Fit Adventure

Kwa mwenye haraka: Ring Fit Adventure, gemu ya kufanyia mazoezi mbele ya runinga, inatoa jasho la kweli, mradi uwe na nafasi ya kunyoosha mikono pande zote na jirani wa chini mwenye moyo mpana. Just Dance, gemu ya kucheza muziki, ina raha kubwa, jasho ni kwa anayelitaka. Kinect, ile kamera ya gemu inayosoma mwili wako, kwa sebule zetu hizi zilizojaa makochi, isahau.

Naishi Tabata, kazi yangu iko Posta. Natoka ofisini saa kumi na moja, foleni ya Buguruni inanishikilia kadiri ipendavyo, na nikifika nyumbani giza limeshaingia. Watu wananiambia, si ukimbie tu, mazoezi ya nini ya kununua? Nikimbilie wapi? Njia ya mtaani kwetu haina taa, bodaboda wanapita kila upande, na mwanamke akionekana anakimbia peke yake saa mbili usiku, watu wanatazama nyuma yake kuona anakimbizwa na nani. Vikundi vya jogingi vya Jumamosi alfajiri navipenda, hasa wanavyoimba wakipita, lakini Jumamosi yangu ni ya kufua na ya shughuli za watu. Jimu ya karibu inajaa saa hizohizo ninazorudi mimi. Zoezi langu ilibidi linifuate ndani.

Gemu yenyewe, Ring Fit, ni ya Nintendo Switch, mashine ya gemu inayoungwa kwenye runinga, na ilitoka Oktoba 2019. Ndani ya boksi kuna kadi ya gemu, ringi ya plastiki ngumu yenye vishikio viwili, na mkanda wa paja. Zile pedi mbili ndogo za kuchezea, za Switch, unazichomoa: ya kulia inaingia kwenye ringi, ya kushoto kwenye mkanda unaofungwa paja la kushoto. Basi. Ukikimbia hapohapo ulipo, mtu wako kwenye runinga anakimbia. Ukiminya ringi anarusha upepo, ukielekeza ringi chini na kuiminya anaruka juu. Hadithi ni ya joka moja lenye misuli, linapenda mazoezi kupita kiasi na limevuruga dunia nzima. Hadithi ya kitoto, sitaificha. Lakini ukikutana na vizimwi vyake hupigani kwa kubonyeza vitufe. Unachagua zoezi: mekundu ni ya mikono, ya njano ni ya tumbo, ya bluu ni ya miguu, ya kijani ni ya yoga. Adui anaumia kadiri unavyolifanya vizuri.

Hapo ndipo pesa yangu ilipopata thamani yake. Ukichagua skwati, kile kipimo cha pajani kinajua umeshuka wapi. Ukishuka nusu, haihesabu. Inakusubiri ushuke kweli, ukae hapo chini kidogo, ndipo upande. Ringi nayo inapima nguvu unayoiminya, na mwanzoni kabisa inakutaka uiminye na kuivuta mpaka mwisho ili ijue uwezo wako. Kisha unaulizwa umri, uzito na ugumu unaoutaka, na ugumu wenyewe unaweza kupandishwa hadi daraja la 30. Kichurachura cha shuleni kilikuwa na mwalimu ambaye akigeuka tu, darasa zima linasimama kupumzika. Huyu wa pajani hageuki.

Linganisha na Just Dance, ambayo imekuwepo tangu 2009 na kila mwaka inatoka mpya. Kwenye Switch inasoma mkono ulioshika pedi, basi. Kiuno, miguu, kitambi, hayo haiyaoni. Mpwa wangu wa darasa la nne amejikunja kwenye kochi, miguu juu, anapunga mkono mmoja, akanipita pointi mimi niliyekuwa nacheza kwa mwili mzima mpaka kanga inadondoka. Sikuudhika sana. Sikukuu ya Idi watoto wakijaa nyumbani hakuna gemu nyingine ninayoiwasha. Ila mtu akiniuliza ipi itampunguza, simtajii hiyo, kwa sababu siku umechoka utapunga mkono kama mpwa wangu na nyota utapewa vilevile.

Ring Fit ina ukweli mwingine unaouma kidogo. Ukimaliza, inakuandikia dakika ulizofanya mazoezi, na inahesabu zile tu ambazo mwili ulikuwa kazini. Kusoma menyu, kuvuta pumzi, kusikiliza joka linajigamba, vyote havimo. Unaweza kuwa umesimama sebuleni zaidi ya nusu saa ikakuandikia dakika kumi na kitu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa hiyo mimi ringi naihesabu kwenye zile siku za misuli, na inatosha hasa. Dakika nyingine nazitafuta kwa miguu: nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu, na Jumapili natembea. Anayedhani gemu peke yake itamaliza hesabu ya wiki ajiandae kuchezea ringi sana.

Sasa mambo ya nyumba zetu. Mimi nakaa ghorofa ya pili, na kukimbia pale ulipo juu ya marumaru kuna kishindo. Bibi wa chini alinisimamisha kwenye ngazi. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, halafu: "Huko juu usiku mnatwanga nini?" Gemu ina mpangilio wa ukimya ambao badala ya kukimbia unakunja magoti kidogo kidogo kwa mdundo. Nikauwasha, nikatandika na zulia la pili. Tangu hapo amani ipo. Ila ujue kukunja magoti hivyo kunachoma mapaja kuliko kukimbia.

Joto ni jambo zito zaidi. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, sebule yangu usiku haina tofauti na mchana. Feni iwe mbele yako, isiwe juu tu, na maji yawe karibu. Umeme ukikatika unaweza kuichomoa Switch kwenye kitako chake, ukaisimamisha mezani na kuendelea kwa kioo chake chenyewe, chaji ipo ya saa kadhaa. Nimefanya hivyo wakati wa kipupwe. Wakati wa joto, bila feni, nazima na kwenda kuoga. Mkanda wa paja naufua kwa mkono, kwa sababu jasho la Dar halina adabu.

Kiswahili hakimo. Mama mkwe wangu alipokuja kutusalimia akataka kujaribu, nikasimama pembeni nikitafsiri, mama shuka kidogo, hapohapo, panda. Ile ringi inasifu kila unachofanya, tena kwa sauti. Akanigeukia: "Hili linanisifia nini, mbona nimesimama tu?" Magoti yake hayataki skwati, na presha ipo, kwa hiyo mambo ya joka tuliyaacha. Lakini kuna namna ya kuiminya ringi bila hata kuwasha runinga upande wa gemu: yenyewe inahesabu hadi 500 na kuziweka mpaka utakapoingia. Akawa anaiminya akiwa amekaa, huku anaangalia tamthilia yake. Alivyoondoka aliulizia bei.

Kwenye bei, boksi la Ring Fit kule Marekani lilitoka kwa dola 80 na Switch yenyewe ni mzigo mwingine kando. Huku Kariakoo bei inategemea mdomo wako na kama kitu ni kipya au kimetumika. Vingi vilivyotumika vinatoka Japani. Switch ya Kijapani haina shida, chaja yake inakubali volti 100 hadi 240, tafuta tu adapta ya plagi, na kadi za nchi yoyote inazisoma. Wii ya Kijapani, ile mashine ya zamani ya Nintendo, ni hadithi nyingine. Utauziwa pamoja na ule ubao wake wa kusimamia, bei ya kutupa, lakini chaja yake ni ya volti 100 na umeme wetu ni 230, na diski za Ulaya au Marekani haisomi. Kinect, ile kamera ya 2010 ya Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, inataka usimame takriban mita 2 mbele yake bila kitu katikati, mkiwa wawili ndiyo zaidi, na Microsoft iliacha kuitengeneza 2017.

Switch Lite, ile ndogo ya mkononi, usichukue kwa kazi hii: pedi zake hazichomoki, na haiungwi kwenye runinga. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 inaicheza, ila pedi zake mpya haziingii kwenye ringi, utahitaji zile za zamani. Na ukiwa dukani usiridhike na kuiona ringi kwenye boksi. Mwambie muuzaji awashe, ichomekwe pedi, uiminye na kuivuta mwenyewe hapo kaunta huku unaangalia kioo kama kinakufuata. Ukikosa mkanda wa paja kwenye boksi, hiyo ni sababu halali ya kushusha bei au kwenda duka la jirani.