Wembe au mkeka? Namna ya kununua vifaa vipya vya kukatia kwilti

Mshonaji wa kwilti, yaani blanketi la vipande vya kitambaa vilivyounganishwa, hutambua kwamba kuna kasoro pale anapoinua rula na kukuta ukanda wa kitambaa haujaachia, kwa kuwa nyuzi mbili tatu zimebaki zimeshikana katikati ya mstari uliopaswa kuwa safi. Wengi wetu hapo huukandamiza mpini kwa nguvu zaidi, tukapitisha kisu cha gurudumu, yaani mpini wenye wembe wa mviringo unaozunguka, mara ya pili, na kazi ikaendelea hivyo kwa majuma. Nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayoumaliza mkeka wa plastiki tunaoukatia juu yake, kwa sababu wembe butu husukuma kitambaa ndani ya plastiki badala ya kukikata, na huacha mfereji ambao haufumbi tena. Ndiyo maana ninashauri fedha ya kwanza iende kwenye wembe, na mkeka ufuate pale tu unapothibitika kuwa ndio wenye kosa.

Kuuthibitisha si kazi ngumu. Wembe wa milimita 45, ambao ndio unaotumiwa na walio wengi, husafiri takriban sentimita 14 kila unapozunguka mara moja. Ukikata ukanda mrefu ukaona nyuzi ambazo hazikukatika zinajirudia kila baada ya sentimita 14 hivi, wembe una pengo mahali pamoja. Kwa wembe wa milimita 60 umbali huo ni karibu sentimita 19, na kwa wa milimita 28 ni karibu sentimita 9. Kama nyuzi zinabaki mahali palepale pa mkeka kila unapokata, na kasoro inatoweka unapohamia upande mwingine, basi kitambaa kinazama ndani ya mfereji wa zamani na wembe hauna hatia. Nyuzi zikibaki mstari mzima, ama makali yamekwisha pande zote, ama wembe hauzunguki vizuri. Fungua nati, ondoa vumbi la nyuzi lililojikusanya nyuma ya wembe, tia tone moja la mafuta ya cherehani, kisha funga bila kukaza mno, kwa sababu wembe usiozunguka hutumia sehemu moja tu ya makali yake na kuibutua mapema.

Nilipata kuutilia shaka mkeka wangu kwa muda mrefu kabla ya kupima umbali kati ya kasoro moja na nyingine. Nilipoutoa wembe na kuuinamisha taratibu chini ya taa, nikaona nukta nyeupe ndogo kuliko punje ya ufuta ikimetameta ukingoni. Makali mazima hayarudishi mwanga, lakini sehemu iliyobutuka huwa na ubapa unaong'aa. Pini moja niliyosahau kuichomoa ndiyo iliyoleta hasara hiyo, na mkeka haukuwa na tatizo lolote.

Katika nyembe, nafasi ya kwanza naipa wembe wa kawaida wa chuma cha tangsteni wa milimita 45, uliotengenezwa na kampuni ileile iliyotengeneza mpini wako, ukinunuliwa katika pakiti ya nyembe tano. OLFA, kampuni ya Japani iliyotoa kisu cha gurudumu mwaka 1979, hutengeneza nyembe za milimita 18, 28, 45 na 60, na nyembe za 45 za kampuni nyingi huingia katika mipini ya wenzao. Hata hivyo, linganisha umbo la tundu la katikati kabla ya kulipa, kwa kuwa wembe unaocheza kidogo tu kwenye bolti utakata mstari wenye mawimbi. Faida kubwa ya pakiti ya tano ni kwamba aliye na wembe wa akiba mezani huubadilisha uliochoka siku hiyohiyo, ilhali aliye na mmoja tu huendelea kuuvumilia.

Nafasi ya pili ni ya nyembe za kudumu, kama ule ambao OLFA huuza kwa jina la Endurance, ambao watengenezaji wanasema hudumu maradufu ya wembe wa kawaida. Zinamfaa anayekata kanda ndefu kila siku kwa mkono uliotulia. Sikuziweka juu zaidi kwa sababu pini au ukingo wa rula ya chuma huutoboa pengo wembe wa ghali kama unavyoutoboa wa kawaida, na anayeanza kujifunza atakutana na ajali hizo mara nyingi. Nyembe zilizopakwa titani, ambazo Fiskars ni miongoni mwa wanaoziuza, naziweka karibu na hizo kwa sababu hiyohiyo.

Pakiti kubwa za nyembe zisizo na jina ndizo zinazovutia macho, na hapo ndipo ninapomwomba msomaji awe mwangalifu zaidi. Ubaya wake ni kutolingana: wembe wa kwanza unaweza kukata vizuri sana na wa pili ukaacha nyuzi tangu siku ya kwanza, nawe ukabaki unajilaumu kwamba hujui kukata. Rahisi hiyo ni ghali. Zitumie kwa karatasi za vielelezo, yaani maumbo ya kufuatisha wakati wa kukata, na kwa pamba ya kujazia. Vinoo vya nyembe za mviringo vinashika mkia. Hurudisha makali kidogo kwa siku chache, lakini haviondoi pengo.

Wembe wa 60 na wa 28 sikuupangia nafasi kwa kuwa kila mmoja una kazi yake. Wa 60 hupita tabaka nyingi za kitambaa kwa pamoja, na wa 28 hugeuka vizuri kwenye mikunjo na kuzunguka vielelezo vidogo.

Kwa upande wa mikeka, chaguo langu ni mkeka wa plastiki ya PVC wenye tabaka kadhaa, unaofumba mikato yake, wa unene wa milimita 2 hadi 3 na ukubwa wa sentimita 60 kwa 90. Plastiki hiyo hutenganishwa na wembe bila kumegwa, kisha hurudi pamoja. Ukubwa nao una sababu: kitambaa cha pamba cha kwilti huwa na upana wa karibu sentimita 110, na kikikunjwa katikati mara moja hubaki 55, hivyo kinatosha juu ya mkeka na bado pana nafasi ya kukata kanda kadhaa bila kukisogeza kitambaa. Mkeka wa sentimita 45 kwa 60 unashika nafasi ya pili. Unatosha kwa meza ndogo, ila itakubidi ulaze kitambaa kwa upande mrefu na kusogeza mara kwa mara. Mkeka unaozunguka ni wa kuongezea tu, mzuri kwa kusawazisha vipande vya mraba. Plastiki nyembamba ngumu hujaa makovu upesi, na kioo usikijaribu kabisa, kwani huua wembe kwa mipito michache.

Dukani, pima mistari ya mkeka kwa rula unayoitumia nyumbani, na uhakikishe kama ni ya sentimita au ya inchi. Usipokee mkeka uliokunjwa kama bomba. Ukishaufikisha nyumbani, uweke mbali na jua, pasi, kikombe chenye chai ya moto na kiti cha gari lililofungwa, kwa maana mkeka uliojipinda kwa joto ni vigumu kuurudisha.

Kabla ya kuutupa wa zamani, uoshe kwa maji ya baridi, sabuni kidogo na brashi laini, kisha pitisha kifutio cheupe kwenye mifereji. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa uchakavu ni nyuzi zilizokwama. Ugeuze pia, ukatie upande ambao haujachoka. Mifereji ikibaki inaukamata wembe hata baada ya hapo, nunua mpya, na ukate kona nzima ya ule wa zamani iwe kibao kidogo cha kupunguzia mishono kando ya cherehani. Wembe uliotolewa ufunge kwa utepe wa gundi, uuweke katika kopo lenye kifuniko, na uuandike kwamba ni wa karatasi.