Waranti ya pikipiki Ujerumani: uzoefu wangu na matengenezo yanayochelewa

Ninachopima hapa ni matengenezo ya waranti ya pikipiki mpya, silinda mbili, cc 650, iliyonunuliwa kwa muuzaji mwenye gereji yake Ujerumani. Kasoro ilikuwa kwenye mfumo wa chaji: betri inakufa ingawa pikipiki inatembea kila siku. Ufundi naupa nne kwa tano. Kasi naipa moja, na mawasiliano moja vilevile. Duka silitaji, kwa sababu ucheleweshaji huu unatokana na jinsi kazi ya waranti inavyoidhinishwa na kulipwa, na mgeni anayeishi huku atakutana nao kwenye maduka mengi.

Mzizi wa tatizo ni huu. Fundi akigundua kifaa kibovu, kwa kawaida habadilishi papo hapo. Anatuma ombi kiwandani likiwa na namba ya chesisi, kilomita, picha na vipimo. Kiwanda kikikubali ndipo spea inaagizwa kutoka ghala kuu. Ombi lenye pengo linarudishwa na foleni inaanza upya. Juu ya hapo, kiwanda huilipa gereji kwa saa zilizopangwa kwenye jedwali lake, hata kama fundi amekaa na kazi muda mrefu zaidi. Kutafuta hitilafu ya umeme kunakula saa nyingi ambazo jedwali halizioni, hivyo kazi hiyo inasukumwa pembeni, hasa Machi hadi Mei, watu wanapozitoa pikipiki zao baada ya baridi. Ukiwa na namba ya usajili ya msimu, mathalani 03–10 (Machi hadi Oktoba), huruhusiwi kuendesha nje ya miezi hiyo, na kila wiki inayopotea gereji ni wiki ya msimu uliokwisha kuulipia bima.

Kwa hiyo peleka pikipiki ikiwa na vipimo vyako tayari. Multimita ya bei nafuu inatosha. Betri iliyochajiwa na kupumzika usiku mzima isome volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, panda hadi mizunguko kama 5,000 kwa dakika, taa zikiwaka: pikipiki nyingi zinasoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Ikipita 15, rekitifaya, yaani kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji, haidhibiti tena na betri itachemka. Piga picha ya multimita na dashibodi kwa pamoja, kilomita zikionekana. Ishia hapo. Usichomoe soketi wala usifungue kifuniko cha injini.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi tuliozoea fundi wa bodaboda anayemaliza kazi kando ya barabara, mkono unawasha. Huku, ukitengeneza mwenyewe au ukapeleka kwa fundi mwingine kabla ya kumpa muuzaji nafasi ya kutengeneza, kwa kawaida gharama hiyo hairudi, hata kama kasoro ilikuwa yake waziwazi.

Sasa jambo ambalo duka halitakueleza kwa hiari. Una haki mbili, na unayoambiwa kaunta ni ile dhaifu. Waranti ya kiwanda, Garantie, ni ahadi ya hiari yenye masharti ya kiwanda: sevisi kwa wakati, kitabu kimegongwa mhuri, idhini kwanza. Dhamana ya kisheria, Gewährleistung, inamfunga muuzaji mwenyewe kwa miaka 2 tangu akukabidhi pikipiki. Kwa ununuzi uliofanyika kuanzia 1 Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu mwanzo; mwenye kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni muuzaji. Akikwambia „kiwanda hakijajibu“, hilo ni la kwake na kiwanda. Mkataba wako ni na yeye. Pikipiki iliyotumika, muuzaji mfanyabiashara anaweza kufupisha muda hadi mwaka 1, ila lazima iwe imeandikwa na kukubaliwa waziwazi. Mtu binafsi anaweza kuiondoa dhamana yote, na wengi huiondoa.

Andika basi, usiishie kwenye simu. Kijerumani chako kikiwa cha kuungaunga, sentensi moja inabeba uzito wote: „Ich zeige Ihnen folgenden Mangel an und verlange Nacherfüllung bis zum …“ Maana yake unaitaja kasoro na unadai itengenezwe kabla ya tarehe fulani. Taja tarehe ya kalenda; wiki mbili ni muda unaotumika sana kwenye barua za namna hii, ingawa sheria yenyewe inasema tu muda wa kuridhisha. Ongeza namba ya chesisi, tarehe ya ununuzi, kilomita na vipimo. Tuma kwa barua ya rejista na nakala kwa barua pepe. Tangu siku muuzaji anapoarifiwa, saa ya huo muda wa kuridhisha inakwenda.

Kaunta utapewa fomu ya kazi, Reparaturauftrag. Isome kabla ya kusaini. Pakiandikwa Kulanz, maana yake wanakusaidia kwa hisani; kata neno hilo, andika Gewährleistung. Ukiona ada ya uchunguzi kwa gharama yako, usisaini hadi iondolewe. Gharama za kutengeneza kasoro, pamoja na usafirishaji, kazi na vifaa, ni za muuzaji kwa mujibu wa kifungu cha 439 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, na mnunuzi wa kawaida anaweza hata kudai malipo ya awali ya usafiri. Kwa pikipiki isiyowaka iliyo mbali na duka, hilo ni pesa ya maana.

Kwenye matengenezo yenyewe, kosa la kawaida ni kubadilisha rekitifaya peke yake. Rekitifaya nyingi hudhibiti volti kwa kuzungusha umeme wa ziada urudi kwenye koili zinazozalisha umeme ndani ya injini. Joto linazidi, soketi ya waya tatu inalegea na kuyeyuka, insulasheni ya koili inaungua. Ukiweka rekitifaya mpya juu ya koili iliyoungua, pikipiki inarudi gereji. Omba kwa maandishi koili zipimwe: ukinzani kati ya kila jozi ya waya tatu uwe sawa, mara nyingi chini ya omu 1, kusiwe na njia yoyote ya umeme kutoka waya hadi bodi, na injini ikizunguka, volti za AC kwenye jozi zote tatu zikaribiane. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imekwisha. Namba kamili ziko kwenye mwongozo wa fundi wa modeli yako. Hakikisha oda ina vyote kwa mara moja: koili, rekitifaya, soketi mpya na gasketi ya kifuniko. Gasketi ndiyo inayosahaulika, na pikipiki inakaa wazi kwenye stendi ikisubiri kipande cha euro chache.

Jaribio la pili likishindwa, sheria kwa kawaida inahesabu matengenezo kuwa yameshindikana. Hapo unaweza kudai bei ipunguzwe, au, kama kasoro si ndogo tu, kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa. Ukirudisha pikipiki watakata thamani ya kilomita ulizotembea: bei mara kilomita zako, gawa kwa kilomita zinazotarajiwa kwa pikipiki ya aina hiyo. Wabishie juu ya hiyo namba ya mwisho, ndipo wanapopunja.

Barua isipojibiwa, nenda Verbraucherzentrale, kituo cha ushauri kwa watumiaji. Kila jimbo lina ya kwake na ushauri wao ni wa bei ndogo ukilinganisha na wakili. Mwanachama wa ADAC, klabu ya wenye magari, ana ushauri wa sheria. Kama muuzaji yuko nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kituo cha watumiaji kilichoko Kehl kinasaidia madai ya kuvuka mpaka. Na ukihama mji, kumbuka gereji yoyote iliyoidhinishwa inaweza kufanya kazi ya Garantie, lakini Gewährleistung inabaki kwa yule aliyekuuzia tu.

Siku ya kuchukua pikipiki, rudia kipimo cha volti hapohapo uwanjani, injini ikiwa ya moto, kwa sababu koili mbovu mara nyingi hujificha ikiwa baridi. Dai karatasi inayotaja spea zilizobadilishwa kwa namba, tarehe ya kupokea na tarehe ya kukabidhi. Kwa kasoro iliyotengenezwa, dai lako halipitwi na wakati kabla ya miezi 2 kutimia tangu kurudishiwa pikipiki, hata kama miaka 2 imepita katikati ya matengenezo, na karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha muda huo unaanza lini.