Treni ya Syokimau: ukishaielewa hutataka kurudi barabarani

Miaka kama mitatu hivi napanda treni ya Syokimau kuingia tao, Nairobi, na kurudi, na naipenda kabisa, shida ni kwamba ukiwa mgeni hakuna mtu wa kukuelezea inavyoenda.

Shika hii kwanza, njia zote zinaelekea Nairobi Central, pale Haile Selassie. Iko ya Syokimau kupitia Makadara na Imara Daima, ya Embakasi Village, ya Ruiru kupitia Dandora na Githurai, na ile ya Limuru inayopita Kibera na Kikuyu. Ukitoka Imara Daima na unaenda Kikuyu lazima ufike Central ndio ubadilishe. Na sehemu kubwa reli ni moja tu, haiwezi kubeba treni zikipishana ovyo, ndio maana asubuhi nyingi zinaingia tao na jioni zinatoka. Ukija saa sita mchana utangoja sana.

Kitu inachanganya watu zaidi ni SGR, ile reli mpya ya Mombasa inayoishia Syokimau. Shangazi yangu alitoka Mombasa, akashuka na gunia la maembe, akaangalia huku na huku akaniuliza, "Mwanangu, mbona tao silioni?" Nikamwambia shangazi hii ni Syokimau, bado safari. Reli ya zamani, ile ilifika Nairobi 1899, upana wake ni milimita 1,000, SGR ni 1,435, kwa hivyo treni ya Mombasa haiwezi kuingia Central hata ikitaka. Unavuka hapo hapo unapanda ile ndogo ya kukupeleka mjini, na tiketi yake ni tofauti, weka pesa kando. Shangazi akakaa dirishani na gunia kati ya miguu, tukapita mabati ya Industrial Area pole pole, sijui kama alipepesa macho hata mara moja.

Lenye linaniuma ni jioni, mabehewa yanajaa mpaka mlangoni na wamama wenye watoto mgongoni wanasimama mpaka mwisho, hiyo si sawa. Tunahitaji mabehewa zaidi, na ubao wa kuonyesha treni ijayo ni saa ngapi kwa kila stesheni.

Lakini jamu ya Mombasa Road mvua ikinyesha mnaijua. Mimi nabaki na treni.

Siku shangazi anarudi nilikimbia Central nimkatie tiketi, nikampata ashakaa ndani, tiketi mkononi, anamwelekeza kijana mmoja mahali pa kushukia SGR.