Miwani ya mtandaoni kwa macho ya fundi cherehani

Mimi ni fundi wa nguo hapa Minneapolis, Marekani, mzaliwa wa Tanga, na macho ndiyo mtaji wangu. Namba zangu za miwani ni −4.00 kulia na −4.25 kushoto, na umri nao umeniongezea ile ya karibu, ADD +1.50. Maana yake, bila miwani sisomi namba ya basi, na nikivaa ya mbali mshono wa kola unanichezea. Kutunga uzi navua miwani kabisa, nasogeza sindano karibu na pua, na hapo naona kuliko binti yangu mwenye macho mazima.

Duka la miwani la jirani lilinikadiria dola 480 kwa miwani ya progresivu, ile ambayo ukitazama juu unaona mbali na ukishusha macho unaona karibu. Dola 480 ni suruali ngapi za kupunguza! Nikaingia mtandaoni.

Walioko Marekani wanaijua Zenni, duka la miwani la mtandaoni la California, lililoanza mwaka 2003 na kupata jina kwa miwani zilizoanzia dola 6.95, lenzi ndani yake. Wanaijua na Warby Parker, iliyoanza 2010 kwa bei ya dola 95. Mimi nilinunua kwenye duka jingine la mtindo huohuo. Silitaji, kwa sababu ninayoipima hapa ni namna yenyewe ya kununua: unachagua fremu, unajaza namba zako, unachagua lenzi, unalipa, unangoja mzigo.

Kwa bei zao niliachana na wazo la miwani moja ya kufanyia kila kitu. Niliagiza moja ya mbali na moja ya cherehani. Hiyo ya cherehani ndiyo iliyonifurahisha, na haiuzwi kwa jina hilo popote. Wakati wa kupimwa nilimwambia daktari wa macho: kutoka usoni mwangu hadi kwenye sindano ya mashine ni kama sentimita 50, nipe namba ya hapo. Akachukua nusu ya ile ADD, akaiondoa kwenye namba ya mbali, akaniandikia −3.25 na −3.50. CYL na AXIS, zile namba za jicho lisilo duara sawasawa, zikabaki vilevile. Sasa naona meza nzima, kutoka mkasi hadi ukingo wa kitambaa, bila kuinua kidevu kutafuta kidirisha cha karibu kama nilivyokuwa nikifanya na progresivu ya zamani. Fundi, mhasibu, yeyote anayekaa na kitu kimoja mbele yake kutwa, aombe namba ya kazi yake.

Cheti chenye namba zako usiende kukiomba kama sadaka. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ina kanuni tangu 1978: daktari akishakupima miwani, akupe cheti chako, uombe usiombe, wala asikutoze ada ya ziada kwa kukupa. Ila kanuni hiyo haimlazimishi kuandika PD, yaani umbali kati ya mboni na mboni, na bila PD duka la mtandaoni halitengenezi kitu. Pale nilipopimwa waliniambia hicho kipimo ni cha wateja wanaonunua kwao. Haya. Mimi napima watu mabega na viuno kutwa, nitashindwa na pua yangu mwenyewe? Binti yangu akakaa mbele yangu, macho yetu usawa mmoja, akaweka rula ya milimita juu ya pua. Akafumba jicho lake la kulia, nami nikamtazama la kushoto. Sifuri akaiweka katikati ya mboni yangu ya kulia. Akabadilisha, akafumba la kushoto, nikamtazama la kulia, akasoma kwenye mboni yangu ya kushoto. Tukarudia mpaka namba ikatulia kwenye 64. Usikimbie hapa, hasa kama namba zako ni kubwa. Kadiri lenzi inavyokuwa na nguvu ndivyo milimita chache zinavyoleta kichwa kuuma.

Kuchagua fremu kwa picha kunataka hila. Hizo picha za uso wako uliovalishwa miwani na kompyuta mimi siziamini. Geuza miwani unayoivaa sasa, utazame ndani ya mkono wake: utakuta kitu kama 50-18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili nafasi ya puani, ya tatu urefu wa mkono, zote kwa milimita. Tafuta fremu inayokaribia hizo. Kwa sisi wenye namba kubwa za kutoa (−), lenzi hunenepa pembeni, kwa hiyo nilishuka hadi upana wa 48 na kulipia lenzi nyembamba kidogo, ile inayoandikwa 1.61. Zote mbili, pamoja na posta, hazikufika dola 100.

Zilitoka China na kufika baada ya wiki mbili hivi, kila moja na kasha lake. Kabla ya kuziamini nilizipeleka kwa muuza miwani mmoja wa Lake Street, akaziweka kwenye mashine ya kusoma lenzi. Namba zikawa sawasawa. Ya mbali ni ya chuma, ina vile vipedi vidogo vya puani vinavyopindika, imekaa kama ilivyotakiwa. Ya cherehani ni ya plastiki, nafasi yake ya pua ni ya kudumu, na nikiinama inateremka. Nyingi za plastiki naona zimechongwa kwa pua ndefu, zetu hazikufikiriwa. Yule bwana aliikaza mikono kwa moto, bila malipo, ikapata nafuu lakini haijapona. Safari nyingine ni chuma tu, ingawa nayo, kama miwani yoyote, kwa baridi ya Januari ya huku ukiingia ndani kutoka nje lenzi zinajaa ukungu, unasimama mlangoni kama kipofu.

Nilimwagizia na mama. Alishazoea miwani za kusomea za wamachinga, ambazo namba ni moja macho yote mawili, na yeye macho yake hayalingani. Mpwa wangu alimpeleka kupimwa, nikamsihi ahakikishe PD imeandikwa, akanitumia picha ya cheti. Miwani nilimkabidhi mtu aliyekuwa akisafiri kwenda nyumbani. Mama alinipigia: "Mwanangu, kumbe hii Kurani maandishi yake si madogo." Halafu akauliza kama naweza kumletea nyingine, ya shangazi. Nikamwambia shangazi naye akapimwe kwanza.

Progresivu sitanunua mtandaoni. Ile inataka mtu akuwekee alama kwenye fremu ukiwa umeivaa, mboni zako zinaangukia wapi, na rula ya binti yangu haifiki huko. Mtoto mdogo pia ningempeleka dukani, maana fremu yake inahitaji kukazwa mara kwa mara.

Na ukifika kwenye malipo, soma taratibu, kwa sababu hapo ndipo miwani ya dola 20 inapogeuka ya 80. Lenzi isiyorudisha mwanga lipia, taa za magari usiku zitakuthibitishia. Ile ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu niliiondoa. Hata American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari wa macho cha Marekani, hakiipendekezi. Bima ya kuvunjika nayo niliiondoa, kwa bei ile ikivunjika naagiza nyingine.