TAHADHARI: Chakula cha mbwa kinachouzwa Mtwara na Lindi, mfuko ni wa kweli ila kilichomo siyo

Wadau wa Mtwara, Lindi, Masasi na popote mnapofuga mbwa huku Kusini, habari zenu. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Kuna kijana anauza chakula kikavu cha mbwa, mifuko ya kilo 15. Anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na mzigo anakuletea mlangoni kwa bodaboda. Bei yake 55,000. Mfuko wenye chapa hiyohiyo nikiuagiza Dar, ukijumlisha na cha konda wa basi, unanifikia kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilinunua mifuko mitatu. Mbwa mmoja nimemzika.

Jina lake siliweki, kwanza kwa sababu siamini kama ni lake. Lipa namba aliyonipa ilikuja na jina la mtu mwingine kabisa, na nilipomuuliza akasema ni ya shemeji yake. Pale pale nilipaswa kurudisha simu mfukoni.

Mimi nafuga kuku wa mayai Chuno. Bila mbwa sina kuku: kuna vicheche, halafu kuna vicheche wa miguu miwili. Najua pwani yetu mbwa hana watetezi wengi, na majirani wengine hawapendi hata kupita karibu na uzio wangu. Nawaelewa, sina ugomvi nao. Ila mbwa wangu wanafanya kazi usiku kucha, na anayefanya kazi ale. Miaka yote nimewapikia dona, dagaa na vichwa vya samaki ninavyopata kwa wavuvi. Mwaka huu magoti yakaanza kulalamika, nikasema ngoja nipumzike kusonga sufuria mbili kila jioni.

Kijana akanikuta hapo hapo. "Mama, huu mzigo umepita Mtambaswala, ndiyo maana bei imekaa vizuri." Yaani mpakani na Msumbiji. Aliponiona nasita akaongeza, "Wazungu wa gesi ndicho walichokuwa wanawapa mbwa wao." Nikacheka, nikalipa.

Wiki mbili za kwanza hakuna tatizo. Ya tatu, Chui, dume langu kubwa, akaanza kuacha chakula. Nikasema joto hili. Kesho yake akatapika maji ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa kama zimepakwa bizari. Dokta wa mifugo alipofika alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akaniuliza swali moja tu: "Mama, anakula nini huyu?" Akasema ini. Tukamtundikia dripu siku mbili. Ya tatu hakuamka.

Popi, jike, alinusurika kwa sababu ya ujeuri wake: zile punje alizinusa akaziacha, akabaki na ukoko wa ugali wa watoto.

Sampuli sikuipeleka kupimwa wakati ule, nilikuwa nimechanganyikiwa, kwa hiyo siwezi kuapa mahakamani kuwa Chui aliuawa na kitu fulani. Ninachoweza kuapa ni nilichokiona nilipokaa chini ukumbini na ile mifuko mitatu na miwani yangu.

Mfuko wenyewe ni halisi. Hapo ndipo tunapopigwa wengi. Sisi tunakagua chapa, picha ya mbwa, mng'ao wa karatasi, tukiona vimenyooka tunasema ni orijino. Huyu hachapishi mifuko feki, anakusanya mitupu iliyotumika, anaijaza, anaishona upya. Angalia juu, kwenye mshono. Mifuko yangu yote ilikuwa na mistari miwili ya matundu ya sindano: mmoja una uzi, na wa pili, kama upana wa kidole chini yake, ni matundu matupu ambayo uzi wake ulishafumuliwa. Uzi uliopo ni ule mweupe wa kushonea viroba vya mahindi, na fundi wake ana mkono wa kutetemeka. Wa kiwandani unakwenda kama umepigwa rula, na mifuko mingi ina utepe wa karatasi umefunika mshono. Kwangu utepe hakuna, ila alama ya gundi yake ipo!

Tarehe nayo. Maandishi ya mfuko yanasema chakula kinafaa kwa miezi 18 tangu kutengenezwa. Mhuri uliogongwa nyuma una tofauti ya miaka minne kati ya tarehe mbili. Na pale palipogongwa, mng'ao wa mfuko umekufa, pamefutwa kwa kitu kikali. Kupima uzito nikapima kwenye mzani wangu wa chakula cha kuku: kilo 13 na kidogo. Yaani hata uongo wenyewe hakuujaza.

Sasa kilichomo. Pua yangu imenusa chakula cha kuku kila siku kwa miaka kumi na moja, sijui ilikuwa wapi siku ile. Nilipoponda punje kiganjani nikapata pumba ya mahindi, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), na vumbi la dagaa kwa mbali, limewekwa kwa ajili ya harufu. Hiyo imepigwa kwenye mashine ya peleti ya chakula cha kuku, ikatiwa rangi ya kahawia. Nikachukua vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu. Kimoja nikatia punje zake, kingine nikatia punje nilizoomba kwa rafiki yangu wa Shangani ambaye huagiza Dar. Za rafiki zilivimba, zikawa laini, lakini umbo likabaki. Zake, dakika kumi, tope la pumba chini ya kikombe. Angalizo: vipo vyakula halali vinavyotengenezwa kwa kukandamizwa, na hivyo navyo humeguka majini. Kwa hiyo tope peke yake halimfungi mtu. Lakini kama picha ya mfuko inaonyesha punje zilizofura zenye vinyweleo vya hewa na wewe umetoa vijiti vilivyobanwa, hicho si chakula cha mfuko ule.

Mtu ataniuliza, mbwa si hula ugali na dagaa, pumba ina ubaya gani? Pumba nzuri itamdhoofisha tu. Hofu yangu ni pumba mbovu. Mahindi na karanga vikikaa na unyevu kwenye joto, ukungu unaota, na baadhi ya ukungu huo unatoa sumukuvu. Sumukuvu inashambulia ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, si habari ya kusimuliwa kutoka mbali. Mbwa ni kati ya wanyama wanaoumizwa nayo upesi, na kwake ni mbaya zaidi kwa sababu anakula chakula kilekile asubuhi na jioni, wakati mimi na wewe leo mihogo kesho wali. Dalili ndizo nilizozitaja: kuacha chakula, kutapika, unyonge, fizi na macho kuwa njano, wengine kunya damu. Dawa ya kuifuta mwilini hakuna, dokta anashikilia tu maisha ini lipumue. Na kupika hakuiondoi. Ile tabia yetu ya kusema mahindi haya yameoza, wape mbwa, naomba tuiache leo. Mashudu ya karanga yaliyolala ghalani masika nzima ni kundi hilohilo.

Wala msidhani chakula cha kiwandani chenye mfuko wake halali kina kinga. Mwishoni mwa Desemba 2020 kule Marekani chakula cha mbwa chenye mahindi kiliondolewa madukani kwa sababu ya sumukuvu. Kiwango ambacho mamlaka yao inakishika ni mikrogramu 20 kwa kilo, baadhi ya sampuli zilifika 558. Hadi tarehe 21 Januari 2021 walikuwa wamepokea taarifa za wanyama zaidi ya 110 waliokufa. Tofauti ni kwamba wenzetu waliweza kutaja namba ya toleo, mtu akaangalia mfuko wake akajua amo au hamo. Mimi na mfuko wangu uliofutwa nitaangalia nini?

Lipo jambo jingine watu hawalijui, la protini. Mfuko wangu umeandikwa protini 26 kwa mia. Maabara nyingi haziihesabu protini yenyewe, zinapima naitrojeni halafu zinazidisha kwa 6.25. Mjanja akishajua hilo anatafuta kitu cha bei rahisi chenye naitrojeni nyingi. Mwaka 2007 ndivyo ilivyokuwa: gluteni ya ngano, yaani protini ya ngano, kutoka China ilichanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea vyombo vya plastiki, vipimo vikasoma protini iko juu, ikaingia kwenye vyakula vya mbwa na paka Marekani na Kanada, figo zikafeli. Mwaka uliofuata mchezo huohuo ukachezwa kwenye maziwa ya watoto China, watoto sita wakafa na wengine karibu laki tatu wakaugua. Kwa hiyo ukisoma asilimia ya protini, uliza mara moja inatoka kwenye nini.

Jibu liko kwenye orodha ya viambato, na orodha ina hila zake. Vinapangwa kwa uzito wa wakati wa kuchanganya, kwa hiyo "kuku mbichi" anaweza kukaa namba moja huku karibu asilimia 70 yake ni maji. Akikaushwa, mahindi ya namba mbili ndiyo yanayobaki baba mwenye nyumba. Unga wa nyama ya kuku hausikiki mtamu, lakini maji yake yameshatoka, kilo yake ni kilo. Wengine wanagawanya nafaka vipande: mahindi, pumba ya mahindi, gluteni ya mahindi, kila kimoja kionekane kidogo. Vijumlishe. Halafu itafute chumvi. Chumvi kwa kawaida haivuki kama asilimia moja, kwa hiyo karoti, tangawizi na sijui mwani vilivyoandikwa baada ya chumvi ni pambo la mfuko. Na kama pameandikwa "nyama" tupu bila kusema ya mnyama gani, mimi sinunui. Mwongozo wa Marekani unaotumiwa na viwanda vingi unataka protini isipungue asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto na mama anayenyonyesha, ukiondoa maji. Chini ya hapo ni heri dona yako na dagaa wako. Vitunguu tu usitie, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Hiki cha kupima kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa dukani nacho sikishauri, hata kama muuzaji ni mwaminifu. Hewa yetu ya bahari mnajua inavyoifanya chumvi ya mezani, sembuse mafuta ya chakula cha mbwa. Nusa: ukisikia harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyochoka, acha. Ukinunua mfuko mzima, usiumwage kwenye ndoo ukatupa mfuko. Uweke na mfuko wake ndani ya ndoo yenye mfuniko, ili siku mambo yakiharibika uwe na namba ya toleo. Wanaoshika chakula hicho, hasa watoto, wanawe mikono, kwa sababu kinaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

Na mifuko mitupu, jamani, ikateni. Huyu kijana mali ghafi yake inatoka kwenye majalala yetu na kwa walinzi wetu wanaoiuza mia tano mia tano. Mimi sasa nachana mfuko kwa kisu kuanzia juu hadi chini kabla haujatoka getini.

Nimeshapeleka taarifa kwa afisa mifugo wa kata, na nimeandika kwa Shirika la Viwango, TBS, Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Kwa suala la kutumia chapa ya mtu, Tume ya Ushindani, FCC, ndio wahusika wa bidhaa bandia. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, nao wana kituo hapa Mtwara: mbwa akifa ghafla usimzike haraka kama nilivyofanya mimi. Piga simu kwanza uulize wanataka nini, na chukua chakula kutoka sehemu tatu nne za mfuko, siyo juu tu, maana sumukuvu haisambai sawasawa. Weka kwenye bahasha ya karatasi, pakavu. Mfuko mmoja wangu bado una kilo kama tano, nimeuhifadhi kwa ajili hiyo.

Kijana nilimpigia. Mara ya kwanza aliniambia, "Mama pole sana, labda amekula panya mwenye sumu." Mara ya pili simu ikakatwa. Ya tatu namba haipatikani.

Jana usiku dada mmoja wa Lindi kanitumia picha akiuliza kama chakula hiki ni kizuri. Namba ya simu ni nyingine. Nikaikuza picha: uzi mweupe, matundu matupu chini yake, mhuri umegongwa upande. Bei imeshuka, sasa ni 48,000.