Tanga na Saadani: mji wa bandari na hifadhi inayopakana na bahari

Wasafiri wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda Tanga hupitia Chalinze na Segera, wakafika jioni, wakamaliza shughuli zao na kurudi kwa njia ile ile bila ya kuuona mji. Kwa anayesafiri kwa ajili ya kutalii napendekeza ratiba nyingine: akae Tanga mjini walau siku mbili, kisha ashuke Pangani, avuke mto, na amalizie Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nimeipita njia hiyo, na tathmini yangu ni kwamba mji unastahili sifa kubwa kuliko zile unazopewa, ilhali hifadhi ni nzuri kwa sababu tofauti kabisa na zile zinazotumiwa kuitangaza.

Tanga ni mji wa kutembelea kwa miguu au kwa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepewa namba kuanzia Barabara ya Kwanza, kiasi kwamba mgeni hapotei hata simu ikizima, na baiskeli ni chombo cha kila mtu, kuanzia fundi aliyebeba ngazi begani hadi mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye keria. Ukivuka reli kuelekea baharini unaingia sehemu ya majengo ya enzi za Wajerumani. Reli yenyewe ilianza kujengwa hapo mwaka 1893 kuelekea Usambara, ikiwa ya kwanza katika nchi yetu. Ndani ya Boma la zamani mna Makumbusho ya Urithi, ambayo ni madogo lakini yanamfaa anayetaka kuelewa vita vya Novemba 1914, pale jeshi ambalo Waingereza walilileta kutoka India liliposhindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani na askari wao Waafrika, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwashambulia wapiganaji. Baadhi ya nyumba za wakati huo zinabomoka machoni pa watu, na sijui ni mtalii gani atakayezifuata zikishageuka vifusi.

Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita 8 hivi kaskazini ya mji kando ya barabara ya Horohoro, ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na mwongozaji hutembea mbele akimulika kwa tochi maumbo ambayo maji yameyachonga kwa muda mrefu: hapa kochi, pale meli, kwingine mlima wenye kilele cheupe. Kuna mahali ambapo paa hushuka hadi mtu mzima akalazimika kuinama na kupita kwa magoti, na mara tu unaponyoosha mgongo upande wa pili unasikia popo juu ya kichwa na harufu yao inakukaba. Utaonyeshwa pia sehemu ya matambiko yenye vyungu na vitambaa, na utasimuliwa habari za Osale Otango, mtoro aliyejificha humo katika miaka ya 1950. Wenyeji husimulia kwamba mbwa aliyeingia pangoni alitokea Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja, lakini mwongozaji mzuri hukupa hadithi na kipimo vyote viwili, akakuacha uchague. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwani mawe huteleza.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja tu. Usiondoke Tanga kabla ya kula bada, ule ugali wa muhogo wenye rangi ya kiza na mvutano wake, kwa samaki wa chukuchuku aliyepikwa kwa ndimu na chumvi bila ya mafuta. Hoteli kubwa hazina habari nacho. Ulizia kwa mama lishe.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Pangani ni mji mdogo wenye historia nzito, kwani ndipo Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, aliponyongwa nao Desemba 1889. Nilivuka mto kwa pantoni, pamoja na bodaboda, matenga ya samaki na mbuzi wawili. Ng'ambo ya pili unaingia eneo la Kikogwe, ambako miche ya mkonge ya kwanza nchini ilipandwa mwaka 1893, na kutoka hapo njia huambaa na pwani kupitia Mkwaja hadi hifadhini.

Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na matangazo ya kampuni za utalii hupenda kuonyesha tembo akitembea mchangani mbele ya mawimbi. Tembo wapo, na mara mojamoja hushuka ufukweni, lakini anayelipa nauli kwa ajili ya picha hiyo atarudi na kinyongo. Vivyo hivyo, aliyekwisha kuona Serengeti asiende kuhesabu wanyama. Nilichokiona kwa wingi ni twiga, kuro, tohe na ngiri. Simba sikumwona, na mwongozaji alikuwa muungwana wa kuniambia mapema kwamba huonekana kwa nadra.

Thamani ya Saadani iko mtoni. Safari ya boti katika Mto Wami huanza kwenye maji mapana karibu na mdomo wake, ambako mikoko imesimama pande zote mbili, na kadiri unavyopanda juu mikoko hupungua na miti ya maji baridi huchukua nafasi. Viboko hujitokeza makundi kwa makundi, mamba hulala kwenye matope wakiwa wamefumbua vinywa, mdiria huchapa maji na kurudi tawini na samaki, na mbega weupe kwa weusi hurukaruka juu. Kwa saa chache mtu hupita kutoka bahari hadi nyika, na katika hifadhi za Tanzania sijui pengine pa kupata hivyo, maana hii ndiyo pekee ya bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Upande wa kaskazini, ufukwe wa Madete ni mahali ambapo kasa hutaga mayai.

Wakala aliyeniandalia safari alinihakikishia kwamba gharama ya boti imo ndani ya malipo. Nilipofika niliambiwa haimo. Dai orodha ya malipo kwa maandishi. Ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba, si kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko wageni wengine, hivyo beba kitambulisho. Mbung'o wapo na wanauma hasa. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Saadani hunasa hata gari lenye nguvu ya magurudumu manne, kwa hiyo Julai hadi Septemba ni miezi salama zaidi. Asiyetaka kurudi Tanga anaweza kutokea Mandera, kilomita 60 hivi kutoka Saadani, akaungana na barabara kuu ya Segera na Chalinze.