Wiki tano na kozi ya akili mnemba kwa wanaoanza: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kozi ina masomo sita, la kwanza nusura linikimbize, la tatu peke yake limenilipa muda wote nilioutumia, na la sita unaweza kuliruka usipungukiwe na kitu. Nimeifanya kwenye simu, usiku, kwa wiki tano. Sina ujuzi wa kompyuta zaidi ya ule wa kazi yangu, nami ni katibu muhtasi: barua, mihtasari ya vikao, ratiba za wakubwa na simu zisizonyamaza.

Kilichonipeleka huko ni aibu. Kwenye kikao kimoja walijadili akili mnemba nusu saa nzima, nami nikawa naandika kumbukumbu za jambo nisilolielewa. Huyu anasema akili unde, yule akili bandia, kumbe ni kitu kilekile, mwingine anataja ChatGPT, programu ya kuzungumza nayo kwa maandishi, kana kwamba hakuna nyingine. Nilipofika nyumbani nikamwuliza binti yangu. "Mama, mbona wewe unaitumia kila siku," akanijibu bila kuinua macho. "Hiyo kibodi yako inayokubashiria maneno unadhani ni nini?" Jibu liliniudhi, lakini usiku uleule nikajiandikisha.

Somo la kwanza ni historia, na aliyeliandika anapenda miaka kuliko anavyompenda msomaji. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing mwaka 1950 anauliza kama mashine zinaweza kufikiri. Mtaalamu John McCarthy na wenzake wanalibuni jina lenyewe la akili mnemba, kwa Kiingereza, katika andiko la 1955 la kuombea mkutano wa chuo cha Dartmouth, Marekani, uliofanyika mwaka uliofuata. Kompyuta ya Deep Blue inamshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997. Vituo vinapita kama unavyoviona dirishani mwa treni isiyosimama. Nilikuwa karibu kufunga, nikakutana na ELIZA.

ELIZA ni programu aliyoitoa Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1966. Ilijifanya mshauri wa mambo ya nafsi, na hila yake ilikuwa nyepesi: unaandika "nina huzuni", inageuza sentensi yako na kukuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa lolote. Weizenbaum mwenyewe alieleza kwamba katibu wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi na kujua fika kuwa ni mashine, alizungumza nayo kidogo kisha akamwomba bosi atoke chumbani. Kozi inasimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi sikucheka. Ni katibu mwenzangu yule, na ninajua ni mara chache kiasi gani mtu wa kazi yetu huulizwa kwa nini ana huzuni.

Somo la pili linahusu matumizi ya kila siku, na hapa mwanafunzi asiyejua kitu hupata ahueni. Kichujio kinachotenga barua taka, ramani inayokisia utafika saa ngapi kwa kuangalia msongamano, simu inayokusanya picha zote za mtoto mmoja, benki inayosimamisha muamala usiofanana na mwenendo wako: zote ni jamaa moja. Mpangaji wa programu hakai kuandika kanuni ya kila hali. Mashine inaonyeshwa mifano mingi, hizi ni barua taka na hizi ni barua njema, ikapekua yenyewe alama zinazozitofautisha. Nikaikumbuka kibodi yangu ya zamani iliyowekwa Kiingereza, ambayo kila nikiandika "wale" ilinibadilishia kuwa whale. Niliwahi kumwandikia mlinzi awaruhusu nyangumi wageni waingie. Kibodi haikuwa na kichaa. Ilikuwa imelelewa na mifano isiyo yangu.

Sasa somo la tatu. Hili linaeleza programu zinazoandika na kujibu zinavyofanya kazi, nami nililirudia mara tatu. Wazo lenyewe ni jepesi kulitamka: programu imesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi iliyojifunza ni kubashiri kipande kinachofuata. Ukiipa mwanzo, inapanga uwezekano wa vipande vyote vinavyoweza kufuata, inachagua kimoja, inakiunga, kisha inabashiri tena. Mfano wa kozi ulikuwa wa Kiingereza na haukuniingia, nikajitungia wangu. "Haba na haba hujaza..." Msomaji umeshamaliza mwenyewe, na hukufikiri. Lakini nikisema "Mama alikwenda...", hapo milango ni mingi: sokoni, kazini, kulala, na kila mmoja una uzito wake kutegemea yaliyotangulia. Programu hufanya vivyo hivyo, kwa hesabu, kwa kila kipande cha kila sentensi. Muundo unaoiwezesha kupima maneno yote yaliyotangulia kwa pamoja ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na ndio uliozaa hizi programu tunazozungumza nazo leo.

Ninasema vipande, si maneno, kwa sababu kuna zoezi linalokuonyesha jinsi maandishi yako yanavyokatwakatwa kabla hayajasomwa. Neno la kawaida la Kiingereza hupita zima. Nikaandika "hatukuwaambia". Likakatwa vipande vinne, na kisu hakikupita pale ambapo mwalimu wa sarufi angekipitisha. Neno letu moja lina anayekana, wakati, anayenyimwa habari na tendo lenyewe, na mashine inalipokea kama muwa uliokatwa gizani. Nikafahamu kwa nini majibu yake kwa Kiswahili mara nyingine yana harufu ya kwingine, hata kama kila neno ni sahihi.

Ukishaelewa kwamba kazi yake ni kubashiri, uongo wake haukushangazi tena. Niliiomba methali tano kuhusu subira. Nne nazijua tangu utoto. Ya tano ilikuwa na vina, mizani na sura ya methali kabisa, ila sikuwahi kuisikia, wala wazee niliowauliza, wala kamusi za methali nilizopekua. Nilipoihoji ikaniomba radhi kwa adabu na kunitungia nyingine. Haikunidanganya kwa nia mbaya. Niliomba kitu chenye umbo la methali, nayo ikanipa umbo.

Hapa niseme nilivyoumia, maana kozi hailigusi jambo hili hata kidogo. Katikati ya wiki ya tatu, nikiwa nimeshalewa ujuzi, niliipa programu barua ya mwaliko iifanyie tafsiri ya Kiingereza. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Tafsiri ilikuja tamu, yenye heshima zote, na ndani yake saa nne ya asubuhi ikabaki nne ileile, yaani kwa hesabu yetu saa kumi alfajiri. Sikuona. Nilisoma heshima nikapita saa. Mgeni mmoja akajibu kwa upole mkubwa akiuliza kama kikao kweli kinaanza muda huo, na kama kutakuwa na chai. Mkurugenzi aliisoma ile barua pepe mbele yangu, akavua miwani, akasema, "Dada, hata majogoo hatujayaalika." Nikatuma masahihisho kwa wageni kumi na wawili mmoja mmoja, sikutaka tena kitu chochote kinisaidie siku ile.

Na barua hiyohiyo ilikuwa na kosa la pili, nililoligundua wakati wa kusahihisha. Kiswahili hakibagui, yeye ni yeye. Kiingereza hulazimika kuchagua mume au mke, na kila barua ilipomtaja mkurugenzi, programu ilimfanya mwanamume. Mkurugenzi wetu ni mama wa watoto watatu. Baadaye kwa kujaribu nikaandika "yeye ni muuguzi", ikamfanya mwanamke. Mashine haikuamua hivyo yenyewe: ndivyo maandishi iliyolelewa nayo yalivyowapanga watu.

Ndiyo maana somo la tano, linalohusu upendeleo na hatari, lilinikuta nikiwa tayari. Linaeleza utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018, waliopima programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa kuangalia picha ya uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Niliitazama namba hiyo muda mrefu. Linataja pia mawakili wa New York ambao mwaka 2023 walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu za kesi zisizokuwepo, walizopewa na ChatGPT. Wasomi wale, na mimi na saa yangu ya alfajiri, tumeumwa na nyoka mmoja.

Kuhusu usiri, somo lina ukurasa mmoja tu, nao ulistahili zaidi. Linasema usibandike ndani ya programu hizi habari za watu au za kazi usizoruhusiwa kuzitoa, maana kwa huduma nyingi unachoandika kinaweza kuhifadhiwa, na pengine kutumika kuifunza programu zaidi usipozima mpangilio huo. Sawa. Lakini halikuonyesha mpangilio huo unapatikana wapi. Binti yangu ndiye aliyenielekeza, na nilipokumbuka mhtasari mmoja nilioubandika wiki ya kwanza ukiwa na majina kamili, nilikosa usingizi. Sasa huandika Mjumbe A na Mjumbe B, majina narudisha mwenyewe.

Somo la nne la picha nalipita haraka. Linaeleza vizuri jinsi mashindano ya kutambua picha ya mwaka 2012 yalivyogeuza uwanja mzima, baada ya programu ya mtandao wa neva, yaani iliyoundwa kwa kuiga kwa mbali seli za ubongo, kuziacha mbali zilizobaki, kisha linapoteza kurasa nyingi kukuonyesha paka. La sita ni wito wa kuitumaini kesho na kitufe cha kupakua cheti. Cheti nimekipata. Maswali ya majaribio ni mepesi mno: jibu sahihi huwa ndilo refu kuliko mengine, niliyajibu ya somo la nne kabla ya kulisoma nikapata tisa kwa kumi.

Lawama yangu kubwa ni Kiswahili cha kozi. Ni wazi kimetafsiriwa na mashine, na hakuna binadamu aliyekipitia. Kufunzwa kwa programu kumeandikwa "mazoezi", hata nikawa naiona kompyuta ikikimbia asubuhi na taulo shingoni. Tabia ya kubuni habari imeitwa "ndoto za mchana". Mahali pamoja mwanafunzi anaelezwa "alishe mfano wake data safi", nami nilichukua dakika kadhaa kuelewa kwamba mfano hapo ndio modeli, yaani ile programu inayofunzwa yenyewe. Kozi inayofundisha usiamini kila inachotoa mashine, imechapishwa bila mtu kusoma ilichotoa mashine.

Hata hivyo ningempa mwenzangu aifanye, hasa yule anayeogopa kuonekana mshamba kwenye vikao kama nilivyoogopa mimi. Aanze somo la pili, aende la tatu, arudi la kwanza kwa ajili ya ELIZA tu. Awe na programu ya mazungumzo wazi pembeni na ajaribu kila kitu kwa maneno yake, maana mifano ya kozi haina uhai. Kwa anayetaka kuandika programu au kuelewa hesabu zilizo nyuma yake, hapa hapati kitu.

Mimi sasa naitumia kila siku ya kazi. Nikiwa na maandishi ya kikao yaliyovurugika, inanipangia rasimu ya mhtasari kwa dakika chache, kazi iliyokuwa ikinimalizia mchana. Inalainisha barua niliyoiandika kwa hasira. Inanieleza neno la kisheria, kisha ninalihakikisha kwenye kamusi. Majina, tarehe, fedha na namba za kumbukumbu huandika kwa mkono wangu baada ya rasimu kutoka. Saa naziandika kwa tarakimu ishirini na nne, 10:00, hata kwenye barua za Kiswahili, na kuna mzee mmoja wa bodi anayenipigia kila mara kuuliza kama kikao kimesogezwa hadi alfajiri. Kwake yeye saa kumi ni saa kumi.

Hatua ya pili ya kozi imefunguliwa juzi. Nilichungulia ukurasa wa kwanza, ukaanza na matriki, yale majedwali ya namba ya kihisabati. Nimeufunga kwanza, nina mihtasari ya robo mwaka ya kumaliza.